Injini ya Nairobi, Hewa ya Mombasa

Injini ile niliifunga kwa mikono yangu pale Kariobangi Light Industries. Ikazunguka Nairobi miezi miwili bila kasoro, halafu ikafia Mariakani, karibu na Mombasa. Mwenye gari, mama anayeuza nguo Eastleigh, alinipigia simu akiwa kando ya barabara na watoto na mizigo. Hakufoka. Aliniuliza swali moja tu: "Fundi wangu, Nairobi injini ilikuwa haigongi ndani. Huku imekuwaje?"

Nikamjibu kwamba ni mafuta mabaya. Gerejini jibu hilo liko tayari mdomoni siku zote, na mteja akishalisikia huwa hana la kuongeza. Lakini nilipokata simu nilikaa juu ya tairi kuukuu moyo ukiwa mzito, kwa sababu swali la yule mama lilikuwa la haki na mimi nilikuwa nimelikwepa. Sikujua kwa nini injini iligonga Pwani na haikugonga Nairobi.

Gari lenyewe lilikuwa Corolla ya zamani ya gia za mkono, injini 4A-FE. Lililetwa kwangu likiwa limechemsha kwenye msongamano wa Jogoo Road, gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, imeungua, oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilitoa hedi, nikailaza rula ya chuma juu yake, na fila geji ya milimita 0.05, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, ikapita chini ya rula bila kugusa popote. Hedi imepinda. Nikaipeleka kwa watu wa mashine, wakaichonga "kidogo tu", nikaweka ringi mpya za pistoni na gasketi mpya, nikafunga. Ilipowaka nikaona niiongezee utamu. Taimingi, yaani wakati plagi inapopiga cheche, kitabuni ni digrii 10 kabla pistoni haijafika juu, ukiwa umeunganisha tundu za TE1 na E1 kwenye soketi ya kupimia. Mimi nikazungusha distribyuta, inayogawa cheche kwa plagi, hadi 15. Gari likawa linapanda barabara ya Limuru kama limebadilishiwa injini. Mama akafurahi, akaniletea wateja wengine wawili.

Desemba akapakia familia na marobota ya nguo, akashuka Mombasa. Baadaye aliniambia kwamba kuanzia Voi alikuwa anasikia sauti kama karanga mbichi zinazotikiswa ndani ya mkebe kila alipokanyaga mafuta. Alipofika Mariakani moshi ulikuwa mwingi, nguvu hakuna.

Nilipanda basi la usiku nikaenda kulifuata. Tulilirudisha kwa lori lililokuwa linarudi Nairobi likiwa tupu, nauli nikalipa mimi. Nilipofungua nikaiona pistoni ya tatu. Ule ukingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umemeguka kipande kama cha kucha. Juu ya pistoni, upande mmoja, palikuwa na vishimo vidogo vingi, kana kwamba kuku wamekuwa wakidonoa hapo. Na kwenye kaure ya plagi, nilipoishika kwenye mwanga wa jua, palikuwa na vipunje vya kung'aa visivyozidi ncha ya sindano. Vilikuwa alumini. Pistoni ilikuwa imeanza kuyeyuka na kurukia plagi.

Sisi mafundi wa jua kali tumefunzwa na sikio na mkono. Mzee aliyenifundisha kazi nikiwa spanaboi kule Kirinyaga Road, ambako wengi bado tunakuita Grogan, alikuwa anaweka bisibisi ndefu kwenye bloku, mpini sikioni, anafumba macho, anakwambia ni beringi ya ngapi. Hajawahi kukosea mbele yangu. Namheshimu hadi leo. Lakini sikio lake lisingenisaidia kwa injini hii, kwa sababu Nairobi haikutoa sauti yoyote mbaya. Kilichoiua kilikuwa kinaisubiri kilomita zaidi ya mia nne kutoka gereji.

Niliacha shule darasa la nane. Wakati ule binti yangu alikuwa Kidato cha Tatu, na jioni moja akiwa mezani na kitabu cha fizikia nikaona mchoro wa silinda na pistoni. Nikamuuliza ni nini hicho.

"Ni sheria za gesi, Baba. Hewa ukiiminya hadi nusu, presha yake inakuwa mara mbili. Lakini joto lisibadilike."

"Ndani ya injini joto linabadilika," nikamwambia.

Akafikiri. "Basi kuna nyingine, ya presha na joto na ujazo pamoja. Ila joto lazima uongeze 273 kwanza."

Hapo kwenye 273 tulikwama siku mbili. Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hiyo alikuwa ananisomea kisha ananieleza kwa Kiswahili, na mara nyingine tulikaa kimya tukitafuta neno. Kilichonifungulia ni pale aliponiambia kwamba sufuri ya kipimajoto chetu ni mahali maji yanapoganda tu, na kwamba hewa hapo bado ina joto jingi sana ndani yake. Ukitaka kuhesabu joto lote la hewa, lazima uanze kuhesabu kutoka chini kabisa, digrii 273 chini ya barafu. Kwa fundi hilo linaeleweka. Huwezi kupima kina cha oili ukianzia katikati ya dipstiki.

Baada ya hapo nikaanza na kitu ninachokijua. Upana wa silinda ya 4A ni milimita 81, na pistoni inasafiri milimita 77. Robo ya pai, mara upana, mara upana tena, mara mwendo wa pistoni. Simu ikaniletea sentimita za ujazo 396.8. Mara silinda nne: 1,587. Nikaenda kuchukua nakala ya logibuku ya gari. Imeandikwa 1587. Nimeisoma namba hiyo kwenye magari mengi sana miaka yote hii nikidhani ni jina tu ambalo kiwanda kimechagua, na sasa nilikuwa nimeitoa mwenyewe kwa rula na simu ya mkononi. Usiku ule sikulala mapema.

Kitabu cha injini kinasema kompresheni yake ni 9.5 kwa 1. Maana yake ni kwamba ujazo wote pistoni ikiwa chini ni mara 9.5 ya nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu. Ukipiga hesabu, nafasi hiyo ya juu inatakiwa iwe sentimita za ujazo 46.7. Sasa ya kwangu ilikuwa ngapi?

Nilinunua sirinji ya mililita 20 kwenye duka la dawa. Nikakata kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha, nikakitoboa tundu dogo pembeni. Hedi nikaigeuza juu chini, valvu zikiwa zimefungwa na plagi iko mahali pake, nikapaka grisi nyembamba kuzunguka mdomo wa chumba, nikabandika plastiki, nikaiinamisha hedi kidogo ili tundu liwe juu na hewa ipate pa kutokea. Kisha nikaanza kuingiza mafuta ya taa niliyoyatia tone la oili ya gia nyekundu ili niyaone. Sirinji ya kwanza. Ya pili taratibu, nusu mililita kwa nusu mililita, hadi kiputo cha mwisho kikatoroka chini ya plastiki na wekundu ukagusa tundu. Nikaandika. Nikarudia mara tatu kila chumba, kwa sababu mara ya kwanza mkono ulitetemeka. Vijana wa gereji jirani walisimama wakitazama, wakidhani ninaidunga hedi sindano.

Nilipojumlisha chumba cha hedi, unene wa gasketi iliyobanwa, na ile nafasi ndogo juu ya pistoni, nilipata 42 badala ya 46.7. Kompresheni ikawa 10.45.

Sentimita za ujazo karibu tano zimekwenda wapi? Nilikopa hedi ambayo haijawahi kuguswa kutoka kwa muuza spea ninayemfahamu, nikapima unene wa zote mbili kwa kalipa. Yangu ilikuwa imepungua milimita 0.9. Watu wa mashine walikuwa wameniondolea 0.3, na kwa kweli ilikuwa kidogo tu. Lakini hedi hiyo ilikuwa imepita kwa mafundi wengine wawili kabla yangu, na kila mmoja naye aliambiwa kidogo tu. Hakuna aliyeandika popote. Silinda ya upana wa milimita 81 ina eneo la sentimita za mraba 51.5, kwa hiyo kila sehemu ya kumi ya milimita unayochonga inakula nusu sentimita ya ujazo kutoka kwenye nafasi ambayo tangu mwanzo haikufika hamsini.

Kwa hiyo kompresheni ilipanda. Lakini bado swali la Mama lilibaki pale pale. Kama kompresheni ilikuwa kubwa mno, kwa nini Nairobi haikugonga?

Jibu nililipata kwa mwalimu wa chuo cha ufundi ambaye huniletea pikapu yake. Nilimwonyesha daftari langu. Akaniuliza, "Nairobi iko juu ya bahari mita ngapi?" Nikasema sijui. "Karibu 1,700. Sasa hewa ya hapa unadhani ni sawa na ya Mombasa?"

Hewa ina uzito, na sisi tulio juu tuna hewa kidogo juu ya vichwa vyetu. Usawa wa bahari presha ya hewa ni kilopaskali 101. Hapa Nairobi ni kama 83. Silinda inapofunguka kuvuta hewa, ujazo ni ule ule 396.8, lakini kilichomo ndani ni kama asilimia 82 ya kile cha Pwani. Injini ya Nairobi inashinda njaa maisha yake yote, nasi tumeizoea hivyo tukadhani ndio shibe yake.

Halafu joto. Mwalimu alinikumbusha pampu ya baiskeli, jinsi chini yake inavyochoma kidole ukipampu kwa haraka. Hewa ikiminywa haraka haipati nafasi ya kutoa joto, inapanda. Kwa injini ya petroli, ile ya mapigo manne ambayo Mjerumani Nikolaus Otto aliiwasha mwaka 1876, hesabu ni hii: chukua joto la mwanzo pamoja na ile 273, zidisha kwa kompresheni iliyopandishwa kwa kipeo cha 0.4. Ndani ya injini halisi joto kidogo linatorokea kwenye kuta na namba zinashuka, lakini kwa kulinganisha zinatosha.

Tuliketi kwenye kibanda cha chai tukazipiga. Nairobi, hewa ya digrii 20, kompresheni 10.45: digrii 476 kabla plagi haijapiga cheche. Mombasa, hewa ya digrii 32, injini ile ile: digrii 507. Tofauti ya digrii 12 mlangoni ikawa 31 juu ya pistoni. Kisha mwalimu akaniambia nipige na injini ya kitabu, ile ya 9.5, ikiwa Mombasa. Ikatoka 478.

Niliitazama hiyo namba kwa muda mrefu. Injini yangu mbovu ikiwa Nairobi ilikuwa na joto karibu sawa na la injini nzima iliyo Mombasa, na presha yake ilikuwa hata chini kidogo. Ndiyo maana haikulalamika. Mwinuko wa Nairobi ulikuwa unalificha kosa langu. Mama aliposhuka kupita Mtito Andei, Voi, hadi Mackinnon Road, kila kilomita ilikuwa inairudishia injini hewa ambayo haijawahi kuionja tangu niifunge, na mimi nilikuwa nimeshaivutia taimingi digrii tano zaidi. Moto ukianza mapema, presha inapanda pistoni ikiwa bado inapanda. Ule mchanganyiko wa mwisho pembeni ya chumba, ambao moto haujaufikia, unabanwa na kupashwa hadi unalipuka wenyewe. Ndizo zile karanga kwenye mkebe.

Na faida niliyokuwa naitafuta ilikuwa nini? Kwa fomula hiyo hiyo, kompresheni ya 9.5 inaweza kugeuza asilimia 59.4 ya joto kuwa kazi, ya 10.45, asilimia 60.9. Injini halisi haifiki hata karibu na hapo, lakini tofauti ndiyo hiyo, moja na nusu kwa mia. Nilivunja pistoni ya watu kwa moja na nusu kwa mia.

Kuna jambo jingine lililotoka humo ambalo liliniuma zaidi ya pistoni. Geji ya kompresheni, ile inayopima presha ndani ya silinda. Kitabu cha 4A kinataka karibu PSI 190 (paundi kwa inchi ya mraba), na mimi nimekuwa nikilinganisha geji yangu na kitabu kana kwamba kitabu kiliandikwa Kariobangi. Geji haihesabu presha ya hewa iliyotuzunguka, kwa hiyo lazima uiongeze kwanza: 190 na 14.7 ya usawa wa bahari ni karibu 205. Chukua asilimia 82 yake, upate 168. Toa presha ya Nairobi, ambayo ni 12. Inabaki 156. Injini mpya kabisa, iliyo sawa kila mahali, hapa kwetu inasoma 156.

Miaka mitatu nyuma dereva mmoja wa teksi alinijia gari likitumia mafuta mengi. Nikapima, silinda zote zikasoma 150. Nikamwambia ringi zimekwisha. Akakopa kwenye sacco, nikamfungulia injini nzima. Ndani ya silinda ile mistari ya honi, ile ya kukatana ambayo kiwanda huichora, ilikuwa bado inaonekana, ishara kwamba silinda haijalika. Niliiona kwa macho yangu nikajiambia kwamba geji haidanganyi. Nilipomaliza hesabu hii nilimtafuta hadi nikampata, nikamweleza kila kitu nikiwa na daftari mkononi. Alinyamaza, kisha akasema mkopo alishaumaliza. Nilimwambia matengenezo yote ya gari lake kwangu ni ya bure hadi fedha zile ziishe, na bado tunaendelea.

Tangu hapo nimesoma polepole, hasa Jumamosi kwenye Maktaba ya McMillan, pale Banda Street kwenye simba wawili wa mawe. Si kila kitu kimeniingia. Kilichoniingia vizuri ni hesabu ya boliti za konrodi, ule mkono unaoishika pistoni kwa chini, na fundi yeyote anayekaza kwa hisia ya mkono ningependa aisikie. Injini ya 4A ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni ikifika juu kabisa lazima isimame na kurudi chini. Nusu ya mwendo wake ni milimita 38.5, konrodi nilipima 122. Ukizungusha hesabu, kasi ya kugeuka pale juu ni karibu mara 2,000 ya mvuto wa dunia. Nilipeleka pistoni, pini na ringi zake kwenye mizani ya duka jirani: gramu 400. Mara 2,000 ni kilo 800. Boliti mbili, nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho, zinaning'iniza uzito wa ng'ombe wawili, mara mia moja kila sekunde. Na ukiongeza mizunguko mara mbili, uzito unakuwa mara nne. Wiki hiyo hiyo nilinunua toki renchi ya mtumba, spana inayopima nguvu ya kukaza, nikaanza kusoma kitabu kinataka boliti ikavu au ipakwe oili, maana nyuzi zenye oili zinavutika zaidi kwa kipimo kile kile.

Injini ya Mama niliifunga upya kwa gharama yangu. Nilitafuta hedi nyingine, nikaipima kwa sirinji kabla hata sijaipeleka kwa mashine. Ilihitaji kuchongwa 0.1. Kompresheni ikatoka 9.6, taimingi nikairudisha 10. Kisha nikachukua panchi za namba, nikagonga pembeni ya hedi, mahali ambapo fundi ajaye atapaona: 0.1, na mwaka. Siku hizi kila hedi inayotoka kwangu ina alama hiyo.

Aliposhuka tena Mombasa nilimwomba anipigie akifika. Alipiga akiwa kwenye kiti cha abiria, kijana wake anaendesha. Nikamwambia, "Mama, mwambie apande Daraja la Nyali kwa gia ya nne, polepole, halafu akanyage mafuta yote."

"Si litazimika?"

"Halizimiki. Wewe nishikie simu karibu na dashibodi."

Nilizima redio ya gereji, nikawaambia vijana waache kugonga mabati. Nikasikia upepo wa dirishani, tuktuk ikipiga honi, kunguru. Chini ya hayo yote injini ilianza kubeba mzigo, sauti ikiwa nzito na laini, ikipanda bila karanga hata moja.

"Umesikia, fundi?" akauliza Mama.

"Nimesikia," nikamwambia. "Mwambie arudi mwanzo wa daraja, apande tena."